Haki ya mwenye mali bomba la mafuta linapovuja

KIPEVU, katika eneo la Changamwe, ndilo lango la mafuta yanayoingia Kenya kwa meli. Kutoka gatini, mafuta huhifadhiwa katika matangi, kisha husukumwa kwa bomba hadi Nairobi. Bomba la kwanza, lililoanza kazi mwaka 1978, lilipita karibu na mashamba na makazi ya watu wengi. Mafuta yakivuja na kuharibu kisima, shamba au nyumba, nani hulipa?

Kesi ya Thange, Kaunti ya Makueni, ilitoa jibu. Mwaka 2015, mafuta yaliyovuja kutoka bomba hilo yalichafua mto, visima na mashamba. Wakazi waliishtaki Kampuni ya Kenya Pipeline, na Julai 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Makueni ikaamuru zaidi ya wakazi 3,000 walipwe fidia ya takriban Sh3.8 bilioni. Hukumu hiyo ilitolewa miaka kumi baada ya mkasa.

Madai kama hayo husimama juu ya misingi mitatu. Wa kwanza ni uzembe, ambapo mlalamishi huthibitisha kuwa kampuni haikuchukua tahadhari ipasavyo. Wa pili ni kanuni ya kesi ya Rylands na Fletcher, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1868 na kufuatwa na mahakama za Kenya: anayeweka kitu cha hatari katika ardhi yake huwajibika kikitoka na kumdhuru jirani, hata kama hakuzembea. Wa tatu ni Katiba ya 2010, ambayo katika vifungu vya 42 na 70 inalinda haki ya mazingira safi na kuiruhusu mahakama kuamuru fidia.

Chini ya Sheria ya Kawi ya 2019, mizozo baina ya kampuni zenye leseni na umma huweza pia kusikizwa na Jopo la Kawi na Petroli. Asiyeridhika na uamuzi wake ana siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama Kuu.

Wengi hupoteza haki kwa kuchelewa. Kwa kawaida, kesi ya uzembe hufunguliwa ndani ya miaka mitatu, na kuandikiana barua na kampuni hakusimamishi muda huo. Kwa hivyo, mwenye mali hufaa kukusanya mapema picha, hatimiliki, stakabadhi za gharama, ripoti ya mthamini na matokeo ya uchunguzi wa maji au udongo, kabla athari hazijafutika.