Chemshabongo za televisheni: kanuni zilizozaliwa na kashfa

Anayebuni kipindi kipya cha chemshabongo hukimbilia kupanga zawadi: mshindi apewe gari, safari au milioni ngapi? Historia inaonyesha kuwa kuna swali la kutangulia: mtazamaji atajuaje kwamba mshindi ameshinda kwa haki? Wamarekani walijifunza hilo kwa aibu miaka ya 1950.

Juni 1955, kituo cha CBS kilizindua The $64,000 Question, ambamo fedha ziliongezeka kadiri mshiriki alivyojibu. Nchi nzima ikakaa mbele ya runinga. Mwaka uliofuata NBC ikaleta Twenty-One. Washiriki wawili waliingia kila mmoja kwenye kibanda kisichopitisha sauti, asijue mwenzake amepata alama ngapi. Walichagua maswali ya alama 1 hadi 11 kulingana na ugumu, na aliyetangulia kufika 21 alilipwa dola 500 kwa kila alama aliyomzidi mpinzani. Wakitoka sare, thamani ya alama ilipanda.

Kanuni hizo zilikuwa safi. Uchafu ulikuwa nyuma ya pazia. Siku ya kwanza washiriki walikosa maswali mengi mno, na mdhamini akakasirika. Mtayarishaji Dan Enright akaanza kuwapa washiriki majibu mapema, akiwafundisha hata namna ya kusitasita na kufuta jasho. Desemba 1956 bingwa Herbert Stempel aliamriwa ashindwe na Charles Van Doren, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Columbia. Ilimbidi akosee makusudi swali kuhusu Marty, filamu iliyopata Oscar ya filamu bora ya mwaka 1955, ilhali jibu alilijua vizuri. Van Doren alijikusanyia dola 129,000 na sifa tele, lakini Novemba 1959 alikiri udanganyifu huo mbele ya kamati ya Bunge la Marekani. Mwaka 1960 Bunge likaharamisha upangaji wa matokeo ya chemshabongo.

Kutokana na kashfa hiyo likazaliwa wazo jipya. Mtayarishaji Merv Griffin alipotaka kurudisha chemshabongo hewani, mkewe Julann alimshauri awape washiriki majibu waziwazi, wao watafute swali. Jeopardy! ikaanza mwaka 1964, na hadi leo inarushwa.

Uingereza ilichukua njia nyingine: kwa miaka mingi wasimamizi wa utangazaji waliviwekea vituo vya kibiashara kikomo cha zawadi. Kikomo kilipoondolewa katika miaka ya 1990, ITV ilizindua Who Wants to Be a Millionaire? Septemba 1998, Chris Tarrant akiwa mtangazaji. Maswali 15 yalipanda kutoka pauni 100 hadi milioni moja. Aliyefika pauni 1,000, kisha 32,000, hakushuka chini ya hapo hata akikosea. Alikuwa na misaada mitatu: kuondolewa majibu mawili yasiyo sahihi, kumpigia rafiki simu, na kuuliza hadhira. Sehemu kubwa ya fedha za zawadi ilitokana na ada za simu walizopiga waliotaka kushiriki. Novemba 2000 Judith Keppel akawa Mwingereza wa kwanza kuishinda milioni hiyo.

Uzuri wa mpango huo ni kwamba msaada ulitolewa hadharani, kila mtu akiuona. Ndiyo maana mwaka 2001, Meja Charles Ingram aliposhinda huku kikohozi kikisikika mara kadhaa jibu sahihi lilipotajwa, watayarishaji wenyewe walizuia malipo yake na kuita polisi. Mwaka 2003 mahakama ilimtia hatiani.

Watayarishaji wetu wa Afrika Mashariki wana pa kuanzia. Maswali yafungwe na kulindwa na mtu asiye na maslahi, mdhamini asiguse orodha ya washiriki, kanuni zote zisomwe hewani, na zawadi iliyotangazwa ilipwe yote kwa wakati. Hayo yakitimia, hata zawadi ndogo itavuta watazamaji. Yakikosekana, mabilioni hayatakiokoa kipindi.