Lektini: Neno na Vitenzi Vyake

Miongoni mwa istilahi za biolojia zinazowatatiza wafasiri wetu ni lektini, yaani protini, hasa za mimea, zenye tabia ya kushika sukari. Yafaa kuitazama historia yake kabla ya kuamua vitenzi vya kuiandama.

Mwaka 1888 Hermann Stillmark, akiwa Dorpat (leo Tartu, nchini Estonia), alionyesha kuwa maji ya mbegu za mnyonyo huzifanya chembe nyekundu za damu zishikamane. Wapo waandikao kwamba mbegu hizo “hugandisha” damu. Hatukubaliani nao: damu huganda jerahani kwa njia nyingine kabisa, hapa chembe hushikamanishwa. Jina lenyewe lilitolewa mwaka 1954 na William Boyd na Elizabeth Shapleigh, kutokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuchagua, kwa kuwa baadhi ya protini hizo hubagua makundi ya damu.

Utata mkubwa zaidi umo katika habari za neva. James Sumner alitenga konkanavalini A kutoka katika maharage ya Canavalia ensiformis mwaka 1919. Mwaka 1936 yeye na Howell wakaonyesha kuwa hushikamanisha chembe, na kwamba sukari ya miwa huizuia. Katika miaka ya 1970 ilionekana kwamba lektini hiyo hupunguza kazi ya kimeng’enya kinachoondoa fosfati kwenye nyukleotidi, kilichopo juu ya utando wa seli, zikiwamo seli za glia zinazohudumia neva. Kimeng’enya hicho kina minyororo ya sukari, na lektini huikamata. Ikitiwa sukari nyingine iifaayo, lektini huachia na kazi hurejea. Basi kuandika kwamba lektini “huua” kimeng’enya ni kupotosha, hukizuia tu.

Kinachoiharibu lektini yenyewe ni moto, na hapa neno likikosewa mtu huumia. Maharage alimayo mkulima wa Ruanda, wilayani Mbozi, yana lektini nyingine, itapishayo na kuharisha yakiliwa mabichi. Kijitabu kikimwambia “pasha moto” hakikumsaidia, kwani joto la nyuzi 80 halitoshi. Iandikwe: loweka, mwaga maji, kisha chemsha yatokote. Katika nyanda za juu kama Mbozi maji hutokota kabla ya kufika nyuzi 100, hivyo twakipendelea kitenzi kuliko kipimo. Nayo maharage yaachwe yatokote mpaka yalainike.