Dinari Moja kwa Wote: Mfano wa Vibarua wa Shamba na Watoto wa Kolwezi

Mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu, katika sura ya 20 ya Injili ya Mathayo, unahusu ukarimu wa Mungu, lakini unasimuliwa kwa lugha ya mshahara. Mwenye shamba anapatana na vibarua alfajiri kwa dinari moja, anarudi sokoni saa tatu, saa sita, saa tisa na saa kumi na moja kuchukua wengine, na jioni anawalipa wote sawasawa, hata wa kwanza wananung'unika. Katika ukanda wa shaba wa Lualaba, kusini mwa Kongo, mzabibu haujulikani sana, lakini mshahara unajulikana katika kila nyumba. Ndiyo maana historia ya kuwafundisha watoto mfano huu imefungamana na historia ya migodi.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ilianza kuwaweka wafanyakazi kambini kwa kudumu pamoja na wake na watoto wao, na mwaka 1937 Kolwezi ikawa makao ya migodi yake ya magharibi. Shule za kambi ziliachiwa wamisionari. Somo la dini lilikuwa maswali na majibu ya kukariri. Mchezo ulikuwa na saa yake, nje ya darasa. Injili ya vibarua ilisomwa kila mwaka katika Dominika ya Septuajesima, wiki chache kabla ya Kwaresima.

Hata hivyo mtoto wa kambi aliletewa na maisha yenyewe jambo la kumsaidia kuelewa. Kila wiki kampuni ilitoa posho ya chakula, na posho ilipimwa kwa idadi ya watu wa nyumbani. Mwenye watoto wengi alibeba unga mwingi kuliko jirani yake mwenye kazi ileile, na bukari (ugali) ilitosha sufuriani. Malipo yanayofuata haja ya mtu badala ya saa zake hayakuwa kitu kigeni kwa mtoto huyo.

Lakini mfano huu ulikuwa pia na hatari kubwa katika nchi ya kampuni. Tarehe 9 Desemba 1941, huko Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, askari waliwafyatulia risasi wafanyakazi wa Union Minière waliogoma wakidai nyongeza ya mshahara, na makumi yao waliuawa. Baada ya damu ile, mwalimu yeyote aliyemfananisha mwenye shamba na kampuni, na wanung'unikaji na wagomaji, aliipotosha Injili. Mwenye shamba wa Mathayo hampunji mtu: aliyeanza alfajiri anapata alichopatana, na aliyechelewa kuitwa halali njaa.

Mafundisho ya kukariri yalianza kulegea katika miaka ya 1950. Padri Placide Tempels, Mfransisko aliyetumwa Ruwe, Kolwezi, mwaka 1953, alianzisha huko vuguvugu la Jamaa, ambamo wake na waume wa kambini walizungumza imani yao kwa Kiswahili wakiongozwa na maneno uzima, uzazi na mapendo. Haikuwa kazi ya watoto, lakini ilionyesha kwamba fundisho linaweza kuwa mazungumzo. Huko Bukavu, mwaka 1952, Padri Georges Defour alianzisha Xaveri, chama cha vijana kilichofundisha kwa nyimbo, michezo na kambi. Mjini Lubumbashi, kikundi cha Mufwankolo kilizoeza watu michezo ya kuigiza ya Kiswahili iliyobuniwa bila kuandikwa.

Mwaka 1972 utawala wa Rais Mobutu ulifuta vyama vya vijana vya makanisa ili vijana wote wawe wa chama tawala, na miaka miwili baadaye shule za misheni zikataifishwa. Mafundisho ya watoto yakabaki parokiani na katika jumuiya ndogo, hadi makanisa yaliporudishiwa shule mwaka 1977. Kabla ya hayo, kalenda mpya ya masomo, iliyotolewa mwaka 1969, ilikuwa imeihamishia Injili hii Dominika ya 25 ya Mwaka A, katika nusu ya pili ya Septemba, shule zikiwa zimefunguliwa karibuni.

Leo mfano huu unaweza kufundishwa kwa mchezo wa kuigiza, nao hauhitaji vifaa vingi. Mtoto mmoja ni mwenye shamba, mwingine msimamizi, na wengine wote wanakaa sokoni. Kengele inapigwa, kundi la kwanza linaitwa kubeba mawe kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine. Kengele ya pili, kundi jingine. Na kadhalika hadi kundi la mwisho linalobeba jiwe moja tu. Malipo ni karanga kumi kwa kila mmoja, na ni lazima yaanzie kwa waliokuja mwisho. Utaratibu huu ndio moyo wa mfano: kama wa kwanza wangelipwa mapema, wangekwenda zao wameridhika. Wanakaa, wanaona, wanatumaini matabishi (nyongeza), kisha wanapewa karanga zilezile kumi. Kelele zinazofuata ni somo, na mwalimu mwema hazizimi haraka. Anawauliza pia wale wa sokoni walijisikiaje kila kengele ilipolia bila kuitwa.

Katika Kolwezi ya leo swali hilo lina uzito wa pekee. Kampuni ya Gécamines, iliyorithi migodi ya Union Minière mwaka 1967, ilianguka katika miaka ya 1990, posho ikaisha, na familia nyingi zikageukia uchimbaji wa mikono. Mwaka 2014 UNICEF ilikadiria kuwa watoto wapatao 40,000 walikuwa kwenye migodi ya kusini mwa Kongo. Wengine, kwa taarifa ya Amnesty International ya mwaka 2016, walifanya kazi kwa muda wa hadi saa 12 kwa siku, kwa dola moja au mbili. Masista wa Mchungaji Mwema wanaohudumia watoto kama hao Kolwezi tangu mwaka 2012 wanawapa masomo, chakula na nafasi ya kucheza. Mtoto aliyepunjwa na mnunuzi wa madini ana haki ya kukasirika pamoja na vibarua wa alfajiri. Mwalimu anayetaka kumfundisha ukarimu wa Mungu aanze kwa kuisikiliza hasira hiyo.