Kazi au Upeo: Elimu ya Juu Kando ya Barabara ya Lower Kabete

Suala la kama mwanachuo afundishwe kazi au apanuliwe upeo lilizuka Kenya miongo kadhaa kabla nchi haijawa na chuo kikuu. Barabara ya Lower Kabete hutoka Westlands jijini Nairobi, hupita Spring Valley na kupanda kuelekea Kabete. Huko mbele ya Spring Valley ndiko serikali ya kikoloni ilikofungua Shule ya Jeanes mwaka 1925.

Shule hiyo ilikuwa tunda la Tume ya Phelps-Stokes, iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924 ikiongozwa na Thomas Jesse Jones. Miongoni mwa wajumbe wake alikuwa James Aggrey wa Gold Coast. Tume ilivutiwa na vyuo vya Hampton na Tuskegee, vilivyowafundisha Wamarekani weusi kilimo na ufundi, ikapendekeza elimu ya Mwafrika nayo ifungamane na maisha ya kijijini. James Dougall, katibu wa tume hiyo, ndiye aliyekuwa mkuu wa kwanza wa shule. Jina lilitoka kwa Anna Jeanes wa Philadelphia, mfadhili wa shule za mashambani za watu weusi kusini mwa Marekani.

Mwalimu aliyechaguliwa kwenda Kabete hakwenda peke yake. Alifuatana na mkewe na watoto, wakapewa nyumba ndogo ya mfano na kipande cha shamba. Mume alijifunza kusimamia shule za vijijini, kulima bustani, kuchimba choo na kujenga nyumba yenye madirisha; mke alijifunza malezi, mapishi na usafi. Baada ya mafunzo walirudishwa kwao ili majirani waige kwa kuwatazama. Mafunzo hayo yalikuwa na faida ya kweli, kwa maana choo safi na lishe bora huokoa maisha ya watoto. Kilichoyatia doa ni kwamba Mwafrika aliamuliwa kikomo cha masomo yake na watu wengine. Huko huko Kabete, mwaka 1931, ilifunguliwa Prince of Wales School, ambako wavulana wa Kizungu walitayarishwa kwa mitihani ya Cambridge.

Wazazi Waafrika waliiona tofauti hiyo waziwazi. Mbiyu Koinange alisoma Hampton kwenyewe, chimbuko la mfano huo, lakini hakuishia hapo. Aliendelea hadi Ohio Wesleyan na Columbia. Aliporudi nyumbani alianzisha chuo cha ualimu cha Githunguri mwaka 1939, marika ya Wagĩkũyũ yakachanga fedha za kukijenga. Serikali ilikifunga mwaka 1952, Hali ya Hatari ilipotangazwa. Wanaowalaumu Wakenya kwa kudharau kazi za mikono na kukimbilia shahada husahau historia hii: kwa miaka mingi elimu ya ufundi ilitolewa kama mbadala wa elimu nyingine, na mlango wa madaraka ulikuwa upande ule wa pili.

Katikati ya jiji mambo yalikwenda kwa mkondo kama huo. Makerere ya Uganda, iliyoanza mwaka 1922 kwa useremala, ujenzi na umekanika, ilikuwa chuo kikuu kishiriki kufikia 1949. Nairobi ikapangiwa chuo cha ufundi, Royal Technical College, kilichopata hati yake mwaka 1951. Wakati huo Wahindi wa Afrika Mashariki walikuwa wakichanga fedha za chuo cha kumkumbuka Mahatma Gandhi. Mwaka 1954 mipango hiyo miwili iliunganishwa, na wanafunzi wa kwanza wakaingia Aprili 1956. Mwaka 1961 chuo kilibadilishwa kuwa Royal College na kuanza kutayarisha wanafunzi kwa shahada za London. Mwaka huo huo ilifunguliwa Kenya Polytechnic kwa ajili ya mafundi, na Shule ya Jeanes ikageuzwa kuwa taasisi ya kuwafunza maafisa wa utawala waliohitajika kushika nafasi za Waingereza.

Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipoundwa mwaka 1963, fani ziligawanywa: udaktari Makerere, sheria Dar es Salaam, uhandisi na udaktari wa mifugo Nairobi. Mgawanyo huo ulikuwa wa busara kwa nchi zenye fedha chache, ingawa haukudumu. Mwaka 1970 kila nchi ilibaki na chuo chake.

Elimu pana nayo ilikuwa na kasoro yake. Oktoba 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walitaka Idara ya Kiingereza ya chuo cha Nairobi ivunjwe, na mahali pake iwekwe idara itakayoanzia Afrika: fasihi simulizi, Kiswahili, kisha fasihi ya ulimwengu. Hoja yao ilikuwa nzito. Mwanafunzi aliyesoma historia na mashairi ya Uingereza tu hakuwa amepanuliwa upeo. Alikuwa amehamishiwa kwenye upeo wa mtu mwingine.

Tume ya Mackay ya mwaka 1981, iliyoshughulikia chuo kikuu cha pili, ilirudisha mkazo kwenye kazi. Chuo Kikuu cha Moi kikaanzishwa mwaka 1984, na mfumo wa 8-4-4 uliofuata ukaingiza useremala na ushonaji katika shule za msingi, nyingi zikiwa hazina karakana wala zana. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kupokea wanafunzi wa kujilipia karo, na kozi zikazidi kufuata soko. Kenya Polytechnic yenyewe ikawa chuo kikuu cha kiufundi mwaka 2013, pengo la mafundi wa ngazi ya kati likabaki kuzibwa na vyuo vingine. Taasisi iliyokuwa ya Jeanes sasa ni Kenya School of Government, na bado inafunza watumishi wa umma.

Chini ya mtaala wa umilisi uliochukua nafasi ya 8-4-4, wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 walioanza Januari 2026 walitakiwa kuchagua mkondo mmojawapo kati ya mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Uamuzi uliokuwa ukingoja lango la chuo kikuu sasa unafanywa na mtoto wa miaka kama kumi na mitano.