Jinsi ya kuchagua softiboksi ya studio

Mpiga picha anayefungua studio Malindi au Kilifi aghalabu hutumia fedha nyingi kununua kamera na flashi, kisha akachukua softiboksi yoyote aliyoikuta dukani. Kumbe kifaa hicho, yaani kasha la kitambaa linalovishwa flashi ili kulainisha mwanga, ndicho huamua sura ya mteja itatokeaje.

La kwanza ni ukubwa. Kadiri kasha lilivyo pana na karibu na mtu, ndivyo vivuli huwa laini. Kwenye joto na unyevu wa Pwani, uso wenye jasho humeta: kasha dogo huacha doa jeupe pajini, ilhali kasha pana huutandaza mmeto huo ukawa hafifu. Kwa picha za uso, kasha la sentimita 60 kwa 90 latosha. Maharusi waliosimama wima huhitaji la sentimita 120 au zaidi.

Hata hivyo, kasha kubwa hudai flashi yenye nguvu na chumba chenye nafasi. Kwa kuanzia, huwekwa umbali unaolingana na urefu wake kutoka pembe hadi pembe. Umbali ukiongezwa maradufu, mwanga unaomfikia mtu hubaki robo.

La pili ni umbo. Kasha la pembe nane huacha mng'ao wa mviringo machoni. Lile jembamba, la sentimita 30 kwa 120, likiwekwa ubavuni kwa nyuma, huchora ukingo wa buibui jeusi lisimezwe na pazia jeusi. Bwana akivaa kanzu nyeupe, yafaa bibi mwenye buibui ndiye awe upande wa mwanga. Vinginevyo kanzu hupoteza mikunjo kwa weupe, nalo buibui hupotea gizani.

La tatu ni ubora. Pete ya kushikizia sharti ioane na mdomo wa flashi. Vitambaa viwili vyeupe, cha ndani na cha nje, husawazisha mwanga kuliko kimoja. Penye taa ya halojeni, matundu ya kupitisha hewa ni ya lazima, kwani joto lake laweza kuunguza kitambaa. Kwa kuwa hewa ya bahari hubeba chumvi, pete ya alumini hudumu kuliko ya chuma kinachoshika kutu.

Mnunuzi na aende dukani na flashi yake, apige picha ya majaribio kabla ya kulipa. Kosa likigunduliwa baada ya harusi, siku hiyo haitarudi.