Upigaji kura wa lazima

Upigaji kura wa lazima ni utaratibu wa kisheria unaomtaka kila raia mwenye sifa ajitokeze siku ya uchaguzi, na asipojitokeza bila sababu ya msingi atozwe faini au anyimwe huduma fulani. Nchi nyingi humwachia raia aamue mwenyewe. Katiba ya Tanzania ya 1977, ibara ya 5, na ya Kenya ya 2010, ibara ya 38, zote zinataja kura kuwa haki bila kumshurutisha mtu. Miongoni mwa nchi zinazolazimisha ni Australia, Ubelgiji, Brazili, Argentina, Peru na Bolivia. Kwa kuwa kura ni siri, kinachoweza kusimamiwa ni mtu kufika na kupokea karatasi. Akiitumbukiza sandukuni ikiwa tupu, hakuna wa kumbaini.

Mfano wa Australia

Jimbo la Queensland lilitangulia mwaka 1915. Serikali ya jimbo chini ya Digby Denham ilihofia uwezo wa vyama vya wafanyakazi kuwatoa watu wao majumbani siku ya kura, ikaona heri kila mtu alazimishwe. Haikumsaidia: Denham aliangushwa katika uchaguzi huohuo, na chama cha Labor kikashika madaraka. Kitaifa, kilichowashtua wanasiasa ni uchaguzi wa 1922, ambao waliopiga kura hawakufika asilimia 60 ya walioandikishwa. Mwaka 1924 Seneta Herbert Payne wa Tasmania aliwasilisha muswada binafsi, nao ukapita bila mjadala mrefu. Katika uchaguzi wa 1925 waliojitokeza walizidi asilimia 91. Tangu hapo kiwango hicho hakikushuka chini ya asilimia 90 katika kura za Baraza la Wawakilishi hadi mwaka 2022, na hata hapo kilipungua kidogo tu.

Mtu akisikia takwimu hizo hudhani siri yake ni ukali wa adhabu. Sivyo. Faini ya uchaguzi wa taifa ni dola 20 za Australia, pesa isiyomtikisa mfanyakazi wa kawaida. Baada ya uchaguzi, asiyeonekana kwenye orodha ya waliopiga kura hupelekewa barua: aeleze sababu au alipe. Ugonjwa hukubaliwa, na sheria inatamka wazi kwamba anayeamini dini yake inamkataza kupiga kura ana sababu ya kutosha. Kutowapenda wagombea si sababu. Mahakama Kuu iliamua hivyo mwaka 1926 katika kesi ya Judd, msoshalisti aliyekataa kupiga kura akisema vyama vyote vinavyogombea vinatetea ubepari.

Kinachoubeba mfumo huo ni mzigo ambao serikali imejitwisha yenyewe. Uchaguzi hufanyika Jumamosi, siku ambayo wengi hawako kazini. Mpiga kura anaweza kuingia kituo chochote ndani ya jimbo lake, hata kilicho mbali na anakoishi. Anayejua kuwa siku hiyo atakuwa safarini au kazini hupiga kura mapema au kwa posta. Timu za maofisa hupeleka masanduku hospitalini na kwenye makazi ya wazee, na huruka kwa ndege ndogo hadi vijiji vya mbali vya wenyeji wa asili. Kituoni karani humuuliza mtu mambo matatu: jina lake kamili, anakoishi, na kama amekwisha kupiga kura katika uchaguzi huo. Akijibu, jina lake huwekewa alama, anapewa karatasi ya kijani ya Baraza la Wawakilishi na nyeupe ya Seneti, kisha anakwenda kwenye kibanda cha kadibodi kuandika namba kwa kufuata mpangilio wa chaguo lake. Nje ya shule nyingi zinazogeuzwa vituo, wazazi huchoma soseji na kuziuza ndani ya mkate na vitunguu ili kuichangia shule. Kwa familia nyingi hiyo ndiyo sura ya siku ya uchaguzi.

Mantiki ya wajibu huu unaonekana vizuri zaidi pale unapokoma. Waaustralia wanaofanya kazi kwenye vituo vya utafiti Antaktika hupewa nafasi ya kupiga kura lakini hawalazimishwi, kwa kuwa huko usiri wa kura hauwezi kuhakikishwa. Serikali isipoweza kutimiza sehemu yake, haimdai raia sehemu yake. Hiyo kwa maoni yangu ndiyo kanuni ya haki kuliko zote katika sheria ile, na ilistahili kutumika kwa kila raia tangu mwanzo. Haikutumika hivyo. Sheria ya 1924 haikuwagusa wenyeji wengi wa asili, kwa sababu walikuwa wamenyimwa kura yenyewe. Haki ya kupiga kura kitaifa waliipata wote mwaka 1962, na kujiandikisha kukawa lazima kwao kama kwa wengine mwaka 1984.

Kuondoa na kurudisha

Uholanzi ililazimisha kura tangu 1917 ikaacha mwaka 1970. Flandria, sehemu ya Ubelgiji, iliondoa ulazima kwa uchaguzi wa serikali za mitaa wa Oktoba 2024, na zaidi ya theluthi moja ya wapiga kura wakabaki nyumbani mahali ambapo zamani walijitokeza zaidi ya tisa kati ya kumi.

Chile imepita njia zote mbili. Kuanzia 2012 kujiandikisha kulikuwa kwa moja kwa moja na kura ikawa ya hiari. Katika duru ya kwanza ya urais mwaka 2021 waliojitokeza walikuwa asilimia 47 tu. Oktoba 2020, wakati kura ingali ya hiari, nusu hivi ya wapiga kura ilijitokeza, na asilimia 78 wakataka katiba mpya iandikwe. Septemba 2022 rasimu iliporudi kwao, kura ikiwa ya lazima, walijitokeza takribani asilimia 86, na asilimia 62 wakaikataa. Rasimu yenyewe ilikuwa na wapinzani wengi, kwa hiyo si ulazima peke yake ulioleta matokeo hayo. Lakini hakuna anayeweza tena kudai kwamba wanaobaki nyumbani wangepiga kura sawasawa na wanaokwenda.

Hoja za pande mbili

Wanaotetea ulazima husema wanaokosekana vituoni mara nyingi ni vijana na maskini, na mwanasiasa hana haja ya kumsikiliza asiyempigia kura. Wanaoupinga husema kunyamaza nako ni kauli. Historia ya Kenya inawapa nguvu. Agosti 2017 walijitokeza karibu asilimia 79. Mahakama ya Juu ilipofuta matokeo ya urais na upinzani ukasusia marudio ya Oktoba 26, kiwango kilishuka chini ya asilimia 40, na katika sehemu kubwa ya Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori kura haikupigwa kabisa. Sheria ya lazima ingewatoza faini mamilioni ya watu kwa msimamo wao wa kisiasa.

Aina ya adhabu nayo ina uzito. Bolivia humdai mtu cheti cha kupiga kura benki kwa siku 90 baada ya uchaguzi, na Brazili humnyima pasipoti asiyepiga kura bila kujieleza. Peru imekuwa na busara zaidi, kwani faini ya mkazi wa wilaya maskini ni ndogo kuliko ya mkazi wa wilaya yenye nafuu.

Nchini Tanzania, ambako mwaka 2010 waliopiga kura hawakufika asilimia 43 ya walioandikishwa, mtu anatakiwa kupiga kura kwenye kituo alichojiandikisha. Aliyeandikishwa kijijini Sumbawanga na sasa anauza mitumba Karume, Dar es Salaam, asipohamisha taarifa zake kwenye Daftari la Kudumu la Wapiga Kura mapema, atalazimika kufunga biashara na kulipa nauli ya basi kwenda na kurudi, gharama kubwa mara nyingi kuliko faini ya Australia. Kumtoza mtu huyo kwa kutopiga kura ni dhuluma mpaka aweze kupiga kura hapo Karume alipo.