Sahani Asiyoipakua Mwenyewe: Haiba na Ulaji wa Mimea Lodwar na Kakuma

Mwaka 2018 Catherine Forestell na John Nezlek walichapisha utafiti juu ya wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani. Wasiokula nyama, pamoja na wanaoila kwa nadra, walionekana kuwa wepesi zaidi wa kupokea mambo mapya, na pia wenye wasiwasi zaidi, kuliko wala nyama. Mwaka huohuo Tamara Pfeiler na Boris Egloff walitoa matokeo ya Ujerumani, nao wakauona upokezi huo wa mapya kwa wasiokula nyama. Tangu hapo imekuwa rahisi kusema kwamba mla mimea ni mtu wa namna fulani. Sina ugomvi na takwimu zao. Ugomvi wangu ni na neno “mla mimea”, ambalo likifika Lodwar, mji wa Turkana nchini Kenya, halina tena maana liliyoondoka nayo.

Kwa mfugaji wa Turkana chakula ni maziwa kwanza, kisha nyama, na damu inayotolewa kwenye mshipa wa shingo bila kumchinja mnyama. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2025 unakadiria kuwa asilimia 70 hadi 80 ya mlo wao wa jadi hutokana na mifugo. Si kwamba mimea haijulikani. Watoto hutafuna eng'ol, tunda gumu la mkoma, na kandokando ya mto Turkwel mtama umelimwa tangu zamani. Lakini mimea hujaza pengo la maziwa, na pengo likiwa kubwa watu hurudi kwenye edung.

Edung ni mti mdogo usiopoteza majani hata kiangazi, na matunda yake ni machungu. Mwanamke huyachemsha, humwaga maji, huweka mengine, huchemsha tena, na huendelea hivyo karibu siku nzima mpaka uchungu utoke. Kuni anaziokota mwenyewe, na maji ya kumwaga hivyo, katika nchi kame, hayaji bure. Mpe mama huyo hojaji ya haiba yenye nguzo tano, zikiwemo bidii na upokezi wa mapya. Kwenye bidii na utaratibu atapata alama za juu, na kwenye safu ya mlo utaandika “mimea”. Kompyuta itakuonyesha uhusiano kati ya hayo mawili, na uhusiano huo utakuwa upuuzi mtupu, kwa sababu kilichoyaleta matunda yale sufuriani ni ukame uliomaliza mbuzi wake.

Hojaji yenyewe ina mashaka. Rachid Laajaj na wenzake walionyesha mwaka 2019, kwa data za nchi 23 za kipato cha chini na cha kati, kwamba maswali ya nguzo tano mara nyingi hayapimi kile yanachodai kupima, hasa yanapoulizwa ana kwa ana. Anayeulizwa huelekea kuitikia ndiyo. Mgeni ametoka mbali. Ni adabu kumkubalia.

Hata tukikubali kwamba haiba na chakula vinahusiana, nani amesema haiba ndiyo inayotangulia? Mwanaanthropolojia Robert Edgerton alilinganisha Wahehe, Wakamba, Wapokot na Wasebei, na katika kila kabila akachukua jamii ya wakulima na jamii ya wafugaji. Kitabu chake cha mwaka 1971 kinaeleza kuwa wafugaji walikuwa wepesi zaidi wa kuonyesha hisia zao waziwazi na kutenda moja kwa moja, ilhali wakulima waliuficha uhasama na kupitia njia za pembeni. Kabila nalo lilikuwa na uzito wake, hilo hakulikana. Ila kwa Wapokot, jirani wa Waturkana, na wenzao hao watatu, ushahidi unaelekeza kwamba riziki humfinyanga mtu kabla mtu hajachagua riziki.

Kakuma mambo yanachanganyika zaidi. Kambi ya wakimbizi ilianzishwa hapo mwaka 1992, na resheni yake kwa miaka mingi imekuwa nafaka, kunde au njegere, na mafuta. Ukihesabu kwa sahani, Kakuma imejaa wala mimea. Ukiwauliza Wadinka na Wanuer wa kambini, watu ambao mahari yao ni ng'ombe, humpati hata mmoja anayejiita hivyo. Nje ya kambi, Mturkana anayeuza kuni na mkaa hulipwa mara nyingi kwa nafaka hiyohiyo, naye akaingia kwenye hesabu bila kuulizwa.

Halafu wapo Waethiopia wa Kiorthodoksi. Jumatano na Ijumaa, na katika Kwaresima ndefu, mwumini hagusi nyama, maziwa wala siagi. Kwenye hoteli za Kiethiopia za Kakuma 1, sehemu moja ya kambi, injera ya siku hizo hufunikwa kwa mafungu ya dengu nyekundu, dengu za njano, kabichi na sukuma. Hakuna chakula cha mimea kilichopangwa kwa uzuri kama huo kambini, na mlo huo unaamuliwa na kalenda. Mchangamfu na mnyamavu wanafunga siku ileile.

Lodwar mjini pia tahadhari inahitajika. Utafiti wa Amanda Lea na wenzake wa mwaka 2020 ulikuta afya ya moyo na ya umetaboli ikiwa dhaifu zaidi kwa Waturkana wa mijini kuliko wafugaji. Mlo wa mimea wa mjini maana yake hasa ni unga, sukari na mafuta ya kupikia, wala si saladi ya Berlin.

Je, haiba haina kazi Turkana? Inayo, lakini itafutwe penye hiari, na mwelekeo wake usidhaniwe mapema. Upokezi wa mapya humtoa mtu kwenye desturi yake. Mjerumani aliyekulia soseji humpeleka kwenye mboga. Mturkana aliyelelewa kuwaona samaki kama chakula cha aliyefilisika mifugo, huenda ukampeleka kwa tilapia wa Ziwa Turkana. Sifa ni moja na sahani ni mbili, na ya pili haina uhusiano wowote na kuacha nyama.

Hiari ilipanuka kidogo mwaka 2015, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipoleta Bamba Chakula: sehemu ya resheni ikawa thamani inayoingia kwenye simu na kutumika dukani. Mwaka 2025 misaada ilikatwa hadi chini ya theluthi ya mgao kamili, na hiari ikasinyaa nayo. Mtafiti angeweza kuwafuata watu walewale katika vipindi viwili vya namna hiyo. Mimi ningesimama kwenye kaunta ya duka la Kakuma siku simu zinapolia, na kabla ya swali lolote kuhusu haiba ningeuliza: kama kiasi hiki kingekuwa mara mbili, mama, ungeongeza nini kikapuni?